Habari ya Mvua kwa Kizungu

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira kabla sijanywa chai ya saa nne, ni neno maybe. Wanafunzi wangu hapa Kitengela hulimwaga kila mahali. Maybe mama ni mgonjwa, maybe kesho ni Jumanne. Nikiwauliza kama wanamaanisha possible, au likely, au doubtful, au uncertain, wananitazama kwa huruma, na yule wa dawati la nyuma anaangalia saa. Ukiyasoma haraka, maneno hayo yote yanasema jambo moja, kwamba msemaji hana hakika. Lakini mtu anaweza kukosa hakika kwa namna nyingi, na mimi nalipwa mshahara kuwafundisha watoto wa watu namna hizo. Siku moja nilikuwa chumba cha walimu na kalamu yangu nyekundu, nikisahihisha insha zilizojaa maybe, baba yangu akapiga simu kuniuliza habari ya mvua.

Baba, ambaye sisi watoto wake tunamwita Papa, anakaa ndani kidogo ukishatoka Bisil, upande linakozama jua. Mama alishatangulia. Papa alikuwa akiishi na ndugu yangu mdogo, ambaye mke wake na watoto wako Bisil mjini, kwenye duka lao la dawa za mifugo. Kwa hiyo ndugu yangu alilala bomani siku nyingine, na siku nyingine kwake, na kazi yote ya ng'ombe ilikuwa juu yake na juu ya mguu mmoja mzima wa Papa. Ule mwingine, goti lilikuwa limeanza kukataa. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi aje akae na mimi Kitengela karibu na hospitali, na nilikuwa nimemtayarishia chumba cha nyuma. Kila mara alijibu kwa kuniuliza kama Kitengela kuna nyasi.

"Takwenya," akasema kwenye simu, akinisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu, ndivyo mwanamke anavyoitikia.

Kisha tukaingia kwenye habari. Kwetu tunasema habari huliwa, na mlo huo una utaratibu wake. Kwanza kila kitu ni kizuri: watu ni wazima, ng'ombe ni wazima, nchi ni nzima. Hapo ndipo msemaji huanza kutoa, kidogo kidogo, yale yaliyo mabaya. Mgeni asiyejua hukata simu akifurahi kwamba kwetu hakuna shida. Mimi nilitulia na kalamu yangu, nikasubiri.

Mabaya yakaja. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita bila mvua ya maana. Nyasi za karibu zilikuwa zimebaki mizizi. Ng'ombe waliokuwa wakienda kunywa na kurudi kwa siku moja sasa walikuwa wakirudi wamelegea masikio. Kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kuwahamisha mpaka upande wa Loitokitok, chini ya mlima, ambako wakwe wa ndugu yangu walikuwa na malisho na walikuwa tayari kuwapokea. Nyingine ilikuwa kungoja mvua hapo hapo nyumbani. Wakihamishwa bure wangechoka njiani, na wengine wangeanguka. Wakingoja mvua isiyokuja, wangekwisha wote. Na wakihamishwa, Papa asingeweza kwenda nao kwa goti lile, kwa hiyo angebaki bomani bila ng'ombe kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Hapo akaacha Kimaasai na kuingia Kiswahili chake cha sokoni. Papa akigusa jambo la serikali, hata kama ni kitambulisho, hubadilisha lugha.

"Sasa mimi niko na maneno ya serikali," akasema. "Hii mvua ya kizungu. Imeingia kwa simu za watu. Wewe umeona?"

Nilikuwa nimeiona. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametoa utabiri wa msimu, na ulikuwa ukipita kwenye simu za watu kama umbea.

"Ndugu yako amesoma, amesema mvua kubwa inakuja. Jirani ametoka kwa baraza ya chifu, amesema mvua itakuwa kidogo. Pasta amesema tuombe. Watu watatu, na kila mmoja ako na mvua yake. Wewe ndio unafundisha hii kizungu. Niambie moja."

Nikamwambia kwamba hiyo moja haikuwepo. Nikaanza kumweleza tofauti ya likely na possible, kwa sauti ile ile ya darasani, na nikasikia jinsi alivyokuwa akipumua kwenye simu. Papa hana subira na mtu anayezunguka.

"Mtoto yangu," akanikata, "mimi sijauliza kizungu. Nimeuliza mvua." Simu ikakatika, na mpaka leo sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Niliudhika. Niliudhika na ndugu yangu zaidi, maana nilipousoma utabiri tena polepole niliona alichofanya. Maandishi yale yalisema kwamba kwetu mvua ya chini ya kawaida ilikuwa likely. Mstari wa chini yake ukasema kwamba mvua kubwa za ghafla zilikuwa possible sehemu chache. Ndugu yangu alikuwa ameruka mstari wa kwanza na kuukumbatia wa pili, kwa sababu hakutaka kwenda Loitokitok na kumwacha mkewe na duka. Jirani, ambaye alikuwa amekwisha kuhamisha ng'ombe wake na hangependa kuonekana mjinga, alichukua wa kwanza akaacha wa pili. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa amechukua neno lililomfaa.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilimkuta Papa amekaa nje ya mlango juu ya kiti chake kidogo cha mbao, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Nikainamisha kichwa, akakigusa, ndivyo mzee wa kwetu anavyomsalimu mtoto wake. Ndugu yangu alikuwa zizini akimnyanyua ng'ombe mmoja aliyekataa kusimama, na alipotoka alinisalimia kwa uangalifu, kama mtu anayejua nimekuja kwa nini. Tukanywa chai ya rangi. Chai ya rangi nyumbani kwetu ni habari tosha, kwa sababu maana yake ni kwamba ng'ombe hawana maziwa.

Wakati tukinywa nilikumbuka jambo la utotoni. Zamani, kabla ya watu wetu kuhamisha ng'ombe, mtu alitumwa mbele kwenda kuangalia nchi. Alitembea siku kadhaa, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyemuuliza kitu kwanza. Alipewa chai, akapumzika, wazee wakazungumza mambo mengine kabisa kana kwamba hawakuwa wakimngoja. Kisha akaanza kusema, na alisema kwa mafungu matatu yasiyochanganywa. La kwanza ni yale aliyoyaona kwa macho yake. La pili ni yale aliyoambiwa, na nani aliyemwambia. La tatu, akiulizwa tu, ni yale anayofikiri.

Kulikuwa na mzee mmoja jirani ambaye ujanani mwake alitumwa hivyo akachanganya mafungu. Alisema maji yako mahali fulani, kumbe aliambiwa tu na mtu wa njiani. Ng'ombe walitembea mpaka pale na kukuta tope limepasuka. Hakupigwa wala kutukanwa. Alipewa chai yake kama kawaida mpaka akazeeka, lakini hakutumwa tena, na sisi watoto tulijua kwa nini.

Nikaweka kikombe chini. "Papa," nikasema, "nimerudi kutoka kuangalia hiyo mvua."

Akanitazama. Nadhani alielewa pale pale, maana aliacha kuusugua mguu. Ndugu yangu akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Nilichoona kwa macho," nikasema, "ni hii nchi ninayoiona na nyinyi. Mvua sijaiona. Niliyoambiwa, nimeambiwa na watu wanaopima upepo na joto la bahari. Na wao hawajaiona."

"Bahari?" Papa akauliza. "Mvua yetu?"

"Mvua yetu."

Akatikisa kichwa kidogo, akaniashiria niendelee.

"Wametumia maneno mawili. La kwanza ni likely. Hilo ni la mtu aliyekuta nyayo. Hajamwona simba, lakini nyayo ziko, ni mpya, na zinaelekea upande mmoja. Anaweza kuwa amekosea, simba anaweza kuwa amegeuka. Lakini ukilala hapo ni shauri yako. Wanasema hivyo kuhusu mvua kuwa kidogo."

Ndugu yangu akatazama mikono yake.

"La pili ni possible. Hilo ni la mtu aliyekuta lango la zizi liko wazi. Simba anaweza kuingia, hakuna kitu cha kumzuia. Lakini nyayo hakuna hata moja. Hivyo ndivyo wanavyosema kuhusu mvua kubwa."

Papa akafanya jambo ambalo mwanafunzi wangu hajawahi kulifanya. Akataka mengine. "Hiyo kizungu iko na maneno ngapi ya namna hii?"

Basi tukakaa mpaka jua likashuka, tukiyapanga. Doubtful nikamwambia ni mtu aliyeambiwa kuna nyayo, na akimwangalia anayemwambia, hamwamini. Suspect ni yule ambaye mbwa wake wamekataa kulala, naye anakaa macho ingawa hajaona kitu. Papa akacheka, akasema mama yangu alikuwa hivyo kila siku. Tulipofika uncertain nilikwama. Ndugu yangu, ambaye alikuwa amenuna muda wote huo, ndiye aliyesema, "Hiyo si ni mtu alitumwa na bado hajarudi?" Nikakubali, tena nikakubali kwa furaha. Probable na likely zikanishinda kuzitenganisha kwa nyayo wala kwa mbwa, na nikasema hivyo. Papa akasema hata ndama mapacha hutofautiana, na kwamba niendelee kutafuta, kwa sababu serikali inanilipa.

Ilikuwa jioni nzuri. Nalisema wazi kwa sababu najua watu hudhani ukame ni kilio mchana kutwa. Sisi tulicheka.

Kisha Papa akasema, "Sasa fungu la tatu. Wewe, unafikiri nini?"

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo tangu Kitengela, na bado lilinikuta vibaya. Jibu nilikuwa nalo: ng'ombe waende. Lakini nilijua nyuma ya jibu hilo kulikuwa na chumba cha nyuma chenye kitanda. Ng'ombe wakienda, ndugu yangu angeenda nao, na Papa angebaki peke yake, na mzee wa peke yake mwenye goti bovu angelazimika kuja kwangu. Nilikuwa nimewacheka ndugu yangu na jirani kwa kuchagua neno lililowafaa, na neno lililonifaa mimi lilikuwa likely. Ilitokea tu kwamba ndilo lililoandikwa mstari wa kwanza.

"Nafikiri waende," nikasema. "Lakini Papa, ujue mimi pia niko na haja yangu. Nataka uje kwangu. Hiyo imeingia ndani ya hiyo fikira, na siwezi kuitoa."

Ndugu yangu akainua macho. Papa alitazama zizini, ambako wale ng'ombe walikuwa wamelala kimya kuliko ng'ombe wanavyopaswa kulala. Kisha akaita maji ya kunawa, tukala ugali na mboga kavu, na jambo hilo halikutajwa tena usiku ule.

Asubuhi nilipotoka nje alikuwa tayari zizini na fimbo yake, akiwatenga. Mmoja mmoja alimgusa mgongoni na kumpitisha langoni. Mwekundu mwenye baka jeupe kwenye ubavu, ambaye alikuwa na mimba kubwa, akamrudisha ndani. "Huyu hatafika," akasema. "Huyu atabaki na mimi." Mbuzi wachache pia wakabaki. Wengine wote wakakusanyika nje, na ndugu yangu akaja na blanketi, kibuyu na simu yake imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilitegemea atakuwa na kinyongo nami. Akanisogelea akasema, "Ungesema mvua inakuja ningekuamini haraka sana," kisha akapiga mluzi, wakaanza kwenda.

Papa alifuatana nao mpaka kwenye korongo kavu, akichechemea. Hapo akasimama. Kengele ya ng'ombe wa mbele ilisikika muda mrefu, na yeye hakugeuka mpaka iliponyamaza. Mimi nilikuwa nyuma yake nikilia bila sauti, na nilikuwa nimeyakasirikia maneno yote ya Kiingereza, hata yale yasiyohusika.

Nikamwomba siku hiyo hiyo arudi nami Kitengela. Akasema, kuna ng'ombe mwenye mimba.

Majuma machache baadaye mvua kubwa ikanyesha kwetu. Ilikuja mchana mmoja, ya ghafla, ikajaza korongo na kung'oa mabati ya choo cha jirani. Jirani yule yule aliyesema mvua itakuwa kidogo akaja kwa Papa, ameloa, akamwambia binti yako mwalimu amekudanganya, ungekuwa na ng'ombe wako hapa sasa. Papa ndiye aliyenisimulia. Alimjibu kwamba binti yake alisema lango liko wazi, na kweli lilikuwa wazi. Kisha akamkaribisha chai. Nyasi zikachomoza kijani kibichi, na kwa siku kadhaa nilishindwa kula vizuri, nikiwaza kwamba nimemtenga mzee na ng'ombe wake bure.

Mvua haikurudi. Kijani kile kikageuka njano, kisha kikaondoka na upepo. Huko chini ya mlima ndugu yangu alipoteza ng'ombe wawili njiani na mmoja baada ya kufika, na waliobaki wakapata malisho. Siwezi kusema tulishinda. Yule mwekundu alizaa jike bomani, na Papa akanipigia simu kuniambia kabla hajamwambia mtu mwingine yeyote.

Tangu hapo tukawa na desturi mpya. Mtandao wa bomani na wa huko chini ya mlima ni wa kubahatisha na simu zao hukosana, kwa hiyo ndugu yangu hunipigia mimi, na mimi kila Jumapili baada ya kanisa hupanda paa la nyumba yangu hapa Kitengela, kunakoshika vizuri, na kumpelekea Papa habari ya ng'ombe wake. Nampa kwa mafungu. Hawa ndugu yangu amewaona kwa macho. Hili ameambiwa na wakwe. Hivi ndivyo anavyofikiri. Papa husikiliza kila rangi na kila pembe, na nikiruka mmoja hunirudisha. Siku hizi namsikia akisema "likely" peke yake, taratibu, akilionja, na kuuliza kama ni la nyayo mpya au za jana.

Jumapili moja, habari ilipokwisha, nikamuuliza tena. Goti lilikuwa limevimba, nilijua kwa jirani. Ndama alikuwa amekwisha kuanza kula majani. Nilimwambia chumba kiko tayari, daktari yuko karibu, na kwamba ng'ombe wakirudi nitamrudisha mimi mwenyewe.

"Papa, utakuja?"

Nikasikia upepo upande wake na upepo upande wangu.

"Possible," akasema.

Alilitamka vizuri kabisa. Hakusema likely. Alikuwa na maneno yote mawili, nilimpa mimi mwenyewe tukiwa tumekaa mlangoni pake, na alichagua. Nimelifundisha neno lile miaka mingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kulitumia kwa usahihi namna ile. Nikamwambia, "Vizuri, Papa," kama ninavyowaambia wao. Kisha nikabaki juu ya paa na simu mkononi, nikitamani angekosea.